Maji Yaliyochelewa

Abuu alinipigia simu Jumanne saa mbili asubuhi, nikiwa nyumbani Muleba naanika kahawa, akaniambia kwamba baba yake amefariki na watamzika siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Aliniita Shangazi, ingawa hatuna undugu wa damu. "Mama amesema usijisumbue kukimbilia maziko," alisema. "Njoo siku ya hitima." Alipokata simu nilibaki nimeishika. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu walioapa kusema kweli, na nilijifunza kumtambua shahidi ambaye, kabla hajafungua mdomo, anahesabu kimoyomoyo ni nani aliyebaki hai wa kumpinga. Asubuhi ile nilihesabu hivyo hivyo. Fundi Hamidu ameondoka. Katekista Laurenti alitangulia zamani. Dereva yule sikuwahi kumjua jina. Tuliobaki ni wawili, mimi na Mama Abuu.

Mwaka ninaouandika hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja nafasi ya chuo, na nilipata kazi Bukoba mjini, mtaa wa Miembeni, kwa Fundi Hamidu aliyechaji betri za magari. Nyingi kati ya betri hizo hazikuwa zimekaa ndani ya gari kwa miaka. Vijiji vya Muleba vilikuwa bado havina umeme, na betri ya gari ndiyo iliyowasha redio ya mwalimu, televisheni ya mwenye duka, na vipaza sauti vya kanisani na msikitini. Ilipokufa ilifungwa kwa kamba za migomba, ikapakiwa juu ya basi au nyuma ya baiskeli, ikaletwa kwetu. Wengine waliziba vitundu vya vifuniko kwa sabuni ili tindikali isimwagike njiani, na kila asubuhi nilianza kwa kuizibua sabuni hiyo kwa spoku ya baiskeli. Kisha niliandika kwa chaki ubavuni mwa kila betri jina la mwenyewe, kijiji chake, na siku ilipofika. Betri zinafanana kama mapacha, na mtu wa Kamachumu akiondoka na ya mtu wa Muhutwe, wote wawili watarudi na hasira.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa cha kazi. Betri zilipangwa juu ya mbao zilizolala kwenye matofali, vifuniko vyote vikiwa vimefunguliwa, na ndani ya mashimo yake tindikali ilichemka taratibu, ikitoa povu dogo na mlio kama wa mvua iliyo mbali. Chaja ilinguruma pembeni. Hewa ya chumba kile ilikwaruza koo. Siku za kwanza nilikohoa, baadaye nikazoea, na nilijua tu kwamba nimezoea pale wageni walipokohoa. Nguo zangu za pamba hazikuonyesha kitu mpaka nilipozifua, ndipo matundu yalipofunguka, madogo mengi, kana kwamba panya wamekaa kikao juu yake. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na chumba cha Fundi na mkewe, na chumba changu kilikuwa stoo iliyotengwa na chao kwa mbao zisizofika darini. Mlangoni mwa chumba cha kazi, upande wa uani, lilisimama pipa la maji. Mama Abuu alilijaza kila asubuhi kutoka bombani, ndoo baada ya ndoo, mtoto wake Abuu akiwa mgongoni, kabla hajabandika chai. Chakula cha mchana kilikuwa ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage, mara nyingi na dagaa, na tulikila uani, Fundi kwenye kigoda, sisi wawili mkekani. Alikula haraka, akaramba vidole, akasema, "Rehema, leo umeniua," naye mkewe akajibu, "Basi kesho sipiki, nisije nikafungwa." Walisema hivyo karibu kila siku na kila siku walicheka.

Fundi alikuwa mtu wa taratibu, nami pia, ndiyo maana tulipatana. Alinifundisha akiwa amesimama na mimi nikiandika kwenye daftari. Fungua vifuniko kabla ya kuchaji, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa gesi, na gesi hiyo hairuhusu mchezo. Zima chaja kwanza, ndipo ushike klipu. Sigara, kiberiti, jiko, mwisho wake uani. Vaa miwani. Usiinamie betri kama unayechungulia kisima. Alipofika kwenye kuchanganya tindikali na maji hakutosheka na maneno. Alimimina tindikali kidogo kwenye kikombe cha kioo, akaniambia nirudi nyuma hatua tatu, akadondoshea maji. Kikombe kikatema. Matone yaliruka hadi kwenye ubao na kuacha madoa meusi yaliyofuka moshi.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, Fundi."

"Tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye tindikali. Sema."

Nilisema. Aliniambia niseme tena, na nikasema, kisha nikaandika na kupiga mstari chini yake mara mbili. Kuhusu pipa la mlangoni aliniambia tu kwamba lisisogezwe. Kazi ya pipa alikuwa amemweleza mkewe, si mimi. Nadhani aliona kwamba jambo lile liko wazi mno hata halihitaji kusemwa.

Katika jambo moja tu sheria zake zilishindwa, na lilikuwa desturi ya wateja. Hakuna mtu wa Muleba aliyekubali kuondoka na betri kabla ya kuona cheche. Fundi alikuwa na bomba la kioo la kupimia tindikali, lenye chelezo kinachopanda betri ikijaa, na aliwaonyesha, lakini wao walikitazama kioo kile kama mtu anavyotazama barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Walitaka achukue kipande cha waya mnene, aguse nacho nguzo zote mbili za betri kwa mpigo, na cheche iruke. Cheche kubwa, betri imejaa. Cheche ndogo, fundi mwizi. Huko kijijini familia ingeuliza, "Uliiona ikipiga?" na mtu alitakiwa kujibu ndiyo. Fundi aliichukia desturi hiyo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba betri itolewe kwenye chaja, ipelekwe uani, ikae mpaka povu liishe na gesi itoke, ndipo apige. Aliiita kuipumzisha. Wateja walinung'unika, wakangoja, wakatafuna punje za kahawa, wakaona cheche yao, wakaondoka.

Katekista Laurenti alikuja kuchukua betri yake siku ya Ijumaa. Alitoka kigango kimoja cha Muleba kilichokuwa kikijiandaa kwa jubilei ya paroko Jumapili ile, na betri yake ilikuwa ya vipaza sauti. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, ukarudi asubuhi hiyo, kwa hiyo betri yake ilikuwa bado inachajiwa alipofika saa tano. Alikaa. Alisimama. Alikwenda barabarani kutazama lori ambalo lingempeleka, akarudi. Alikuwa mtu mnene mcheshi mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kooni, na alipenda sana kumtania Fundi, kwa kuwa walijuana miaka mingi. Ilipofika karibu saa sita Fundi alizima chaja, akatoa klipu, akasukuma miwani yake juu ya paji la uso afute jasho.

"Imejaa," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Koku atakusaidia kuitoa uani. Ipumzike, nikitoka msikitini nakupigia cheche."

"Waitu Fundi," Katekista alimbembeleza kwa Kihaya, "ukitoka msikitini mimi nitakuwa nimeachwa na lori. Ipige sasa."

"Bado inachemka. Huoni povu?"

"Povu naona. Nataka cheche."

"Hivi wewe Katekista," Fundi alisema, "unafundisha watu kumwamini Mungu wasiyemwona, lakini betri lazima uione?"

"Mungu hajawahi kunizimikia katikati ya mahubiri," Katekista alijibu. "Betri yako ya Pasaka ilinizimikia. Paroko alibaki anafungua mdomo kama samaki."

Fundi alicheka mpaka akashika ukingo wa ubao. Nami nilicheka. Nimekirudia kicheko kile mara nyingi, kwa sababu ndicho kilichofungua mlango. Mtu aliyekasirishwa angekataa. Mtu aliyechekeshwa na rafiki huona haya kuendelea kuwa mkali. Alichukua waya, akasema, "Haya, njoo uone mwenyewe, usije ukanisingizia kwa paroko," na Katekista akasogea nyuma ya bega lake. Vifuniko vilikuwa wazi. Miwani ilikuwa kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kona nikiandika chaki kwenye betri nyingine.

Haukuwa mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, mfupi, kama bati lililopigwa kwa jiwe. Nilipogeuka, upande wa juu wa betri haukuwapo. Vipande vyeusi vya ganda lake vilikuwa vimetapakaa sakafuni na ukutani, na Fundi alikuwa bado amesimama, mikono imeinuliwa, waya umeanguka, uso wake umelowa. Kisha alianza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, akijaribu kufungua macho kwa vidole.

Mama Abuu alitoka jikoni mbio. Hakuuliza kitu. Alichukua ndoo iliyokuwa juu ya mfuniko wa pipa, akaizamisha, akaja nayo imejaa, na mimi nikasimama mlangoni nikanyoosha mikono.

"Usimmwagie maji, Mama Abuu! Ana tindikali! Maji yakiingia kwenye tindikali inalipuka!"

"Koku, nipishe."

"Itachemka machoni! Fundi mwenyewe amenifundisha! Ninayo kwenye daftari!"

Alinitazama, akamtazama mumewe, akamtazama Katekista. Yeye hakuwa amesoma, na alikuwa amezoea kusema hivyo mbele yangu kwa utani, kwamba mimi ni kichwa na yeye ni mikono. Katekista, ambaye tindikali ilikuwa imemtoboa shati begani na hakuwa hata ameona, alimshika mkono uliobeba ndoo. "Msikilize, mama," alisema. "Huyu binti amesoma." Ndoo ikawekwa chini. Mtu fulani akapaza sauti kwamba mafuta ya kula yanapoza, na Katekista akakimbilia dukani, akarudi na chupa, tukampaka Fundi mafuta usoni na kwenye kope, naye akitupiga mikono, akiomba kitu ambacho hatukukielewa. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na mlipuko, hakutusikia hata kidogo, na maneno yake yenyewe yalitoka yamevunjika. Sasa najua alikuwa akiomba maji.

Nimejaribu kuupima muda ule, kama ambavyo ningemwuliza shahidi aupime. Ni muda wa mtu mnene kukimbia hadi duka la tatu, kumweleza mwenye duka, kupewa chupa, na kurudi. Ni muda wa kufungua chupa iliyokazwa. Baadaye dereva wa lori alikuja kumwita Katekista, akaona, akatutukana wote kwa mara moja. "Mnamuua! Maji! Maji mengi!" Alimshika Fundi shingoni, akamlaza chali, akachukua ndoo ile iliyokuwa imesimama sakafuni na kummwagia polepole machoni huku akimfungua kope kwa dole gumba. Maji hayakulipuka. Yalitiririka tu, yakaenda uani.

Hospitalini daktari wa macho aliuliza swali moja kabla ya mengine yote. "Alioshwa kwa maji baada ya muda gani?" Tulikuwa tumesimama kando ya kitanda, Katekista, Mama Abuu na mtoto mgongoni, na mimi. Fundi alikuwa amefungwa bendeji, masikio yameanza kurudi, na yeye ndiye aliyejibu.

"Maji yalichelewa," alisema. "Niliyangoja. Pipa liko hatua nne kutoka pale. Kwa nini maji yalichelewa?"

Nilisema, "Pipa lilikuwa tupu, Fundi."

Sikulipanga jibu hilo. Lilitoka kama mkono unavyojikinga. Lakini lilipokwisha kutoka nililiona vizuri, nikaona na mahali lilipotua, kwa sababu ni mtu mmoja tu nyumbani mwetu aliyejaza pipa. Mama Abuu aligeuka akanitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kwa makini, kama anayesoma jambo gumu herufi kwa herufi. Katekista alitazama viatu vyake. Fundi akasema polepole, "Rehema. Jambo moja tu nililokuomba." Naye akakaza kanga iliyombeba mtoto.

Daktari alinieleza baadaye, kwenye korido, pengine kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Maji machache yakimwagwa kwenye tindikali nyingi, huchemka na kuruka. Hiyo ni sheria ya kuchanganya. Mtu aliyerukiwa na tindikali ni jambo jingine kabisa: tindikali ni kidogo, na maji ni lazima yawe mengi, mara moja, bila kusubiri mtu wala dawa, nusu saa nzima hata akipiga kelele, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, na mtu akimbizwe hospitali angali amelowa. Mafuta hayasaidii kitu. "Dakika za mwanzo ndizo zilizokuwa za jicho," alisema. Niliandika. Jicho la kulia lilikwisha kabisa. La kushoto liliweza kutofautisha dirisha na ukuta, na baada ya miezi michache hata hilo lilikoma.

Nilibaki Miembeni mpaka mwisho wa mwaka, maana mtu alihitajika kuendesha chumba cha mbele. Niliandika kwa rangi nyekundu ukutani maneno ya daktari, herufi kubwa. Nilikataa kumpigia mteja yeyote cheche. Walionikasirikia niliwaelekeza kwenye kigoda cha uani, alikokaa Fundi, na hawakurudi kuniuliza tena. Betri iliyopasuka sikuitupa. Niliisimamisha dirishani, wazi juu kama mdomo, ili kila anayeingia aione. Watu walinisifu. Walisema binti huyu ameokoa kazi ya mwenzake.

Lakini nyumba ilikuwa imekufa kwa namna ambayo wapita njia hawakuiona. Fundi hakuwa mtu wa kupiga, wala hakumtukana mkewe. Alipunguza maneno tu. Ebitoke ililetwa, akala, akanawa. Kila asubuhi alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akatia mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko, akapima, akautoa, akarudi kwenye kigoda chake, na mkono ule ulidondosha maji njia nzima. Mama Abuu alikuwa akimwona kutoka jikoni. Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, nilisikia sauti zao juu ya mbao.

"Nisingekulaumu kwa betri," Fundi alisema. "Betri ni ujinga wangu. Lakini maji, Rehema."

"Baba Abuu."

"Ulikuwa wapi asubuhi ile? Kwa jirani?"

"Sikuwa kwa jirani."

"Basi lilikuwaje tupu?"

Nilikaa kitandani nimeshika magoti. Nilingoja jina langu. Nilijua kwamba likitajwa nitatoka na kusema ndiyo, na nilijua pia kwamba lisipotajwa sitatoka. Kisha Mama Abuu akasema, "Mtoto analia," ingawa mtoto hakuwa analia, na nikasikia akiinuka.

Katekista alikuja mara mbili kumjulia hali, mara ya kwanza na mkungu wa ndizi, ya pili na senene waliokaangwa na kufungwa kwenye jani. Mara ile ya pili nilimfuata mpaka barabarani. Nilimwambia kwamba tunaharibu ndoa ya watu. Alikuwa amekonda. "Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyetaka cheche, na mimi ndiye niliyemshika mkono yule mama. Unadhani silijui? Ngoja atulie kwanza. Ukweli ukimpa mgonjwa kabla ya wakati, unamwua." Maneno yake yalinifaa sana, kwa hiyo niliyaamini. Desemba barua ya chuo ilifika. Mama Abuu alinisindikiza stendi akiwa amenifungia ndizi za kuchoma na karanga, akanisaidia kupakia sanduku. Tulisimama karibu nusu saa tukingoja basi lijae. Nilizungumza kuhusu hali ya hewa.

Baada ya hapo niliwatembelea mara tatu katika maisha yote haya, wao wakiwa wamehamia Rwamishenye. Kila mara Fundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyeshika sheria zangu zote." Kila mara palikuwa na mgeni mwingine chumbani, au basi la kuwahi.

Nilikwenda siku ya hitima. Kisomo kilipokwisha na watu wakaanza kupungua, nilimkuta Mama Abuu jikoni uani, amekaa kwenye kibao mbele ya masufuria makubwa ya pilau, karibu na mapipa mawili ya maji yaliyosimama mlangoni. Amezeeka vizuri, mgongo umenyooka. Nilikaa chini kando yake. Nilisema, "Mama Abuu, nimekuja kusema lile." Hakujifanya kwamba hajui.

"Sasa utamwambia nani?" aliuliza.

"Kwa nini hukunitaja? Jioni ile nilikuwa nangoja unitaje."

Alikwangua ukoko wa sufuria kwa muda. "Wewe angekufukuza siku ile ile. Mimi angenifukuza, angelishwa na nani? Nikaona bora lije kwangu, litapita. Nikajua na wewe utakua, utarudi uliondoe."

"Sikurudi."

"Ulirudi. Ulikunywa chai." Aliweka mwiko chini. "Mwaka wa tatu nilichoka, nikamwambia. Nikamweleza yote, ndoo, mlango, na mikono yako ulivyoinyoosha. Unajua alisemaje? Alisema, 'Rehema, miaka mitatu hukuwa na la kusema. Leo mtoto wa watu ameondoka, hayupo kujitetea, ndiyo unamsingizia?' Akanyamaza siku nyingi baada ya hapo. Sikurudia tena."

Niliomba ruhusa yake nizungumze na wanawe. Alisema nifanye nitakavyo, yeye ana vyombo.

Abuu sasa ana karakana yake hapo Rwamishenye, na ndevu zake zina mvi. Alikuwa sebuleni na mdogo wake, wamekaa mkekani. Niliwaeleza kwa mpangilio, kama inavyotakiwa: siku, saa, nani alisimama wapi, nilisema nini, nilifanya nini kwa mikono yangu. Niliwaambia pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na kwamba mama yao alikuwa na ndoo ya maji mkononi kabla mtu mwingine yeyote hajajua la kufanya. Niliwaambia kwamba kama angekuwa peke yake, baba yao pengine angeona nyuso zao wakikua. Mdogo alifunika mdomo kwa mkono. Abuu alitazama kucha zake nyeusi za grisi kwa muda mrefu.

"Shangazi," alisema, "sisi tumekua tukiambiwa, msiwe kama mama yenu. Ukisahau daftari shuleni, msiwe kama mama yenu. Mbuzi akikata kamba, msiwe kama mama yenu. Hata siku ninaoa, Mzee alimwambia mke wangu." Hakumaliza. "Na yeye alikuwa amekaa hapo hapo."

Aliinuka akatoka kwenda uani. Nilimfuata nikaishia mlangoni. Mama Abuu alikuwa ametupa mgongo, ameinamia moto, anasukuma kuni.

"Mama," Abuu alisema. Alisimama nyuma yake, mikono imening'inia.

Mama Abuu hakugeuka.

"Nimeshajaza," alisema. "Mapipa yote mawili."